Feruzi ya Kidoleni na Feruzi ya Mlangoni

Ndugu zangu wa ukoo mlio Maskati na Dubai, mlio London na Toronto, na nyinyi vijana ambao Unguja mnaijua kwa picha tu.

Nimeusoma waraka wa mpwa wangu juu ya pete ya Babu Mkuu. Nimeusoma mara tatu, kwa kuwa miaka thelathini na mbili ya ukarani ilinifundisha kuwa karatasi husomwa mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa akili, na mara ya tatu kutafuta kilichoachwa. Umeandikwa kwa lugha safi, na sina shaka na nia ya mwandishi wake, ambaye nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Hata hivyo siwezi kuunyamazia. Pete yenyewe iko kwangu, mimi ndiye ninayeombwa niitoe, na kwa hivyo ni haki yangu kueleza kwa nini, mambo yakibaki yalivyo, sitaitoa.

Kwa wasiousoma waraka ule, maombi yake ni haya. Kitabu cha ukoo kinachotayarishwa kwa ajili ya mkutano wetu wa mwakani kitiwe picha ya pete jaladani. Kabla ya kupigwa picha, pete ipelekwe kwa sonara, litolewe jiwe lake la feruzi ambalo "limeharibika na kuwa la kijani", litiwe jipya la buluu safi. Chini ya picha iandikwe kuwa jiwe lilitoka Nishapur pamoja na babu yetu wa kwanza, nalo ni ushahidi wa asili yetu ya Kishirazi. Na ndani ya kitabu, ili wasomaji wachangamke, yawekwe yale maneno ya mzaha ya Babu Mkuu ambayo sote tumeyasikia utotoni: "Nina feruzi mbili, ya kidoleni na ya mlangoni."

Nianze na lililo jepesi, nalo ni Nishapur. Ni kweli kuwa feruzi iliyosifiwa kuliko zote ilitoka huko, katika machimbo ya Khorasani yaliyochimbwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Al-Biruni aliieleza katika kitabu chake cha vito katika karne ya 11, na al-Tifashi naye akaipa mlango wake katika karne ya 13. Lakini fungueni ramani. Nishapur iko kaskazini-mashariki mwa Iran. Shirazi iko kusini-magharibi, na baina ya miji hiyo pana majangwa. Mwenye kusema kuwa jiwe la Nishapur linathibitisha Ushirazi wetu ni sawa na mwenye kusema kuwa karafuu iliyomo dukani Bombay inathibitisha kuwa mwenye duka ni Mpemba. Feruzi ilikuwa bidhaa. Ilishuka kwa misafara hadi bandarini, ikavuka bahari, ikauzwa kwa yeyote mwenye riale. Wazungu waliliita jiwe la Kituruki kwa sababu liliwafikia kwa mikono ya Waturuki, ilhali halikuwa la Uturuki. Wamisri wa kale walilichimba Sinai, huko Serabit el-Khadim, zama nyingi kabla mji wa Nishapur haujajengwa, na watu wa Mexico na wa kusini-magharibi mwa Marekani walijipamba nalo bila ya kumjua Mwajemi wala Mwarabu. Marehemu bibi yangu, Allah amrehemu, aliyeolewa katika nyumba ile na kuikuta pete kidoleni mwa mkwewe, alikuwa akisema waziwazi kuwa mzee yule aliinunua dukani Unguja kwa riale za Maria Theresa. Hakuna aliyeshuka nayo jahazini. Maneno ya Nishapur na Shirazi yaondolewe, na tusibishane.

Sasa rangi, na hapa nawaomba subira.

Mpwa wangu anasema jiwe limeharibika. Dada yetu mmoja amemuunga mkono na kuongeza kuwa limegeuka kwa husuda, kwamba lilipokea jicho lililoelekezwa kwetu. Mambo ya jicho nawaachia wenye elimu yake. Ya jiwe yanajulikana. Feruzi ni fosfati ya shaba na alumini iliyoshika maji ndani yake. Shaba ndiyo inayoipa ubuluu. Chuma kikiingia mahali pa alumini, rangi huelekea ukijani. Si jiwe gumu: katika kipimo cha Mohs, kinachoishia 10 kwa almasi, iko baina ya 5 na 6, hata mchanga huikwaruza. Tena ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hunywa kila kinachoigusa: jasho, uturi, sabuni, mafuta ya nywele. Ikishiba mafuta hugeuka. Ubuluu hufifia, ukijani huja, na aghalabu haurudi ulivyokuwa. Watu wa kale wa nchi nyingi waliamini kuwa feruzi hubadilika rangi mwenyewe akikaribiwa na maradhi au hatari. Sidhani walikuwa wajinga. Waliliona jiwe likigeuka kidoleni mwa mgonjwa, na hawakuwa na njia ya kujua kuwa huenda lililoingia jiweni ni jasho la homa na mafuta aliyochuliwa.

Jiwe letu limekunywa samli. Nami najua ni samli ya nani.

Mwaka 1964 nilikuwa mtoto wa miaka minne, kwa hivyo ninayoyasimulia ya siku zile ni ya bibi. Alisema kuwa wiki ile nyumba ilipokuwa imefungwa madirisha na wanaume hawapo, alikuja mwanamke kutoka Ng'ambo, mtu mzima wa rika lake, akapita mlango wa uani. Aliitwa Binti Feruzi. Ndiye aliyemlea baba yangu, akampika, akamwogesha, akampeleka chuoni siku ya kwanza. Alimwambia bibi: "Nipe ulicho nacho nikuwekee." Bibi alikuwa amekwisha kuigawa dhahabu yake kwa watu wawili aliowaamini, wote wenye nasaba ndefu na majumba ya ghorofa, dhahabu hiyo, niseme mara moja, haikurudi hata kipini. Akabakiwa na pete ya fedha, isiyo na thamani kubwa, akampa Binti Feruzi. Naye akaenda nayo kwake, akaizamisha ndani ya mkebe wa samli, akaiweka jikoni pamoja na mikebe mingine. Ikakaa humo miaka minane.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni ya mwaka 1972, siku tuliyosafiri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuja alfajiri, amefunga mkebe kwa kanga. Alitia vidole, akatoa pete, akaifuta kwa upindo wa kanga ile ile, akamkabidhi bibi. Bibi aliitazama kwa nuru ya taa, akasema, "Imekuwa kijani." Binti Feruzi akajibu, "Imekula samli miaka minane, bibi. Imeshiba." Wakacheka wote wawili, na kicheko kile kiligeuka kilio kabla hakijaisha. Sisi tukaenda bandarini. Yeye akarudi Ng'ambo na mkebe wake.

Huo ndio uharibifu anaoulalamikia mpwa wangu. Lau jiwe lingekuwa buluu leo, tungekuwa na pete ya dukani kama pete nyingine yoyote. Kwa kuwa ni la kijani, tuna hati. Nimeshughulika na hati maisha yangu yote, ndugu zangu, zenye mihuri na zisizo nayo, na sijaona iliyoandikwa kwa wino uliozama namna hii. Nanyi mnataka niipeleke kwa sonara ikafutwe.

Hata hivyo nilikwenda, nisije nikaambiwa kuwa mzee amekataa kabla ya kuuliza. Fundi mmoja mtu mzima aliichukua, akaitazama kwa kioo chake, akanirudishia akisema ni feruzi ya kweli, mishipa yake myeusi ni ya mwamba iliyozaliwa nao, na kwamba yeye hawezi kuitoa bila ya kuivunja. Nilimpenda kwa jibu lile. Muuzaji wa pili alikuwa mwepesi zaidi. Alinitolea sinia la mawe ya buluu, yote ya rangi moja, yote ya mishipa ileile, akaniapia kuwa ni ya Nishapur. Nilinunua moja kwa bei ya kilo mbili za nyama, nikalipeleka nyumbani, nikaomba kwa binti yangu dawa ya kufutia rangi ya kucha na kipande cha pamba. Nilisugua mara tano. Pamba ikawa ya buluu, na jiwe chini yake likawa jeupe kama chaki. Mawe ya namna hiyo aghalabu ni haulaiti au magnesiti, mawe meupe yenye vitundu ambayo hutiwa rangi na kuuzwa kwa jina la feruzi. (Ndugu zetu wa Toronto wasijione wametengwa na habari hii: haulaiti ilitambuliwa mara ya kwanza huko kwao Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, mwaka 1868.) Si kosa kuvaa haulaiti. Kosa ni kuipachika juu ya jalada la kitabu kinachodai kusema ukweli wa ukoo.

Nimelifikia sasa lile ninaloliona zito, nalo ni mzaha.

"Nina feruzi mbili, ya kidoleni na ya mlangoni." Mimi pia niliucheka nilipokuwa mdogo. Nilidhani mlangoni palikuwa na kito kingine, kwenye misumari ya shaba labda, nikawa nakitafuta. Aliyekuwa mlangoni alikuwa mtu: Feruzi, baba wa mwanamke niliyemtaja, aliyenunuliwa akiwa mtoto kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, akawekwa bawabu wa nyumba yetu. Na sasa nawaomba nyinyi mnaojivunia Kiswahili chenu mbele ya watoto wenu waliozaliwa ughaibuni muitazame sarufi ya maneno yale. Kiswahili hakisemi hivyo juu ya mtu. Mtu hata akiitwa Kijiko, hatusemi Kijiko kimekuja; twasema Kijiko amekuja. Wakiwapo akina Juma wawili darasani, mwalimu husema Juma wawili. Juma mbili hakuna. Babu Mkuu hakuwa mgeni wa lugha hii. Aliposema mbili, na aliposema ya mlangoni badala ya wa mlangoni, alijua anachokisema, na waliomcheka walijua wanachokicheka. Utamu wote wa mzaha umo katika silabi hizo. Tieni "wawili" muone kama kuna atakayecheka.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kwa wazee wangu: kwamba jina lile lilikuwa la heshima, kwamba kumwita mtu kwa jina la kito ni kumpenda. Basi tuzungumze juu ya majina. Feruzi, Almasi, Marjani, Yakuti, Lulu, Ambari: haya ni majina waliyopewa watu walionunuliwa, katika pwani yetu na katika nchi za Waarabu kabla yetu, kwa karne nyingi. Misri ilitawaliwa na Kafuri, na mara baada yake, mwaka 969, ikatekwa na Jauhari, aliyeweka msingi wa Kairo. Wote wawili walipitia utumwani, mmoja akaitwa kwa jina la manukato, mwingine kwa jina la kito. Ni majina mazuri, sikatai. Na waliopewa waliyafanya yao: leo akina Feruzi na akina Almasi wanayabeba kwa fahari, na haki ni yao. Lakini sisi waungwana, wana wetu tuliwaita kwa majina ya Mitume na masahaba, tukayafuatisha na majina ya baba na babu hadi ulimi uchoke. Feruzi wa mlangoni alipewa neno moja tu, lisilo na bin. Baba yake alikuwa na jina. Yeye mwenyewe alikuwa na jina kabla hajaletwa. Tulilivua, tukamvisha la bidhaa tuliyoithamini, kisha tukaliita hilo mapenzi.

Niruhusuni niingie kidogo kwa Yakuti, kwa kuwa ananihusu kwa kazi. Yaqut al-Hamawi alitekwa utotoni katika nchi ya Warumi, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara aliyemsomesha ili amwekee hesabu na amsafirie katika biashara zake. Alikuwa karani, kama mimi. Baada ya kuachwa huru aliandika kitabu kikubwa cha nchi na miji, Mu'jam al-Buldan, na akafariki mwaka 1229. Katika kitabu hicho ametajwa Langujiya, kisiwa cha Wazanji, ambacho wanazuoni wanakitambua kuwa ni Unguja. Maana yake ni kuwa mtu aliyeuzwa, mwenye jina la kito, alipata nafasi katika kitabu chake ya kukiandika kisiwa chetu. Sisi wa kisiwa hicho, katika kitabu cha kurasa mia mbili, hatujapata mstari mmoja wa kumwandika Feruzi ila kwa mzaha.

Na aliyeanza kumwacha ni mimi.

Shajara mnayoitumia, ile yenye duara na mistari ambayo mpwa wangu ameipaka rangi vizuri, asili yake ni karatasi niliyoipiga taipu mwaka 1986, ofisini baada ya saa za kazi, kwa nakala tatu za kaboni. Marehemu ami yangu alikuwa amekaa pembeni akinisomea majina kutoka katika daftari lake. Tulipofika nyumba ya Babu Mkuu niliuliza, "Na Feruzi?" Akanijibu bila ya ukali, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi: "Hao ni watu wa nyumbani. Si watu wa shajara." Nikaendelea na mstari uliofuata. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa nimemwona Binti Feruzi akitia vidole vyake katika mkebe ule, na sikusema neno. Tena katika ukurasa uleule, mahali pa mama wa babu yangu, daftari lilisema "suria", bila ya jina, nami nikapiga herufi hizo tano kama zilivyo. Mtazame sasa. Mama huyo ni mama yetu sote. Damu tunayotaka kuithibitisha kwa jiwe la Nishapur imepita kwa mwanamke ambaye karani wa ukoo hakujisumbua kuuliza aliitwa nani.

Jina la Feruzi limo katika karatasi moja tu ya nyumba yetu. Amri ya Seyyid Hamoud bin Muhammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini haikumwacha mtu huru pale alipolala. Mtumwa ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akaombe, na bwana wake akapewa fidia. Feruzi alikwenda. Karatasi tuliyonayo ni ya fidia ile. Akatoka mahakamani na uhuru wake, akajenga Ng'ambo, akaoa, akazaa. Na sisi tukatoka na fedha.

Dada yangu wa London atasema kuwa nafukua makaburi, na kwamba sisi nasi tuliumia, tulipoteza nyumba, na wengine tulipoteza watu. Dada, mimi nilikuwamo katika jahazi lile. Sihitaji kukumbushwa. Lakini yaliyotupata mwaka 1964 hayalipi ya kabla yake, kama ambavyo ya kabla yake hayayahalalishi yaliyotupata. Karani hafuti deni la daftari moja kwa hasara ya daftari jingine. Wengine watasema kuwa dini yetu imesifu kuwaacha watumwa huru, na hilo ni kweli na ni fahari. Basi aliyeachwa huru anafichwa kwa nini? Na wako watakaosema kuwa Feruzi alikuwa kama mtu wa familia. Hao ndio ninaowapenda zaidi, kwa sababu wamenirahisishia kazi. Kama alikuwa wa familia, aandikwe katika familia.

Juu ya ukurasa wetu huu, tangu ulipoanzishwa, pameandikwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Nilishiriki kuichagua. Siku hizi kila nikiufungua ukurasa macho yangu hukwama pale, nikamwona mwanamke wa Ng'ambo aliyeitwa binti wa mtumwa hadi uzeeni, akiilinda mali ya watu waliomiliki baba yake, katika miaka ambayo angeweza kuiuza akala, na hakuna ambaye angemuuliza.

Miaka miwili iliyopita aliuandikia ukurasa huu kijana mmoja wa Unguja. Aliuliza kwa adabu kama yupo anayemkumbuka bibi yake, aliyelea watoto katika nyumba yetu, na kama kuna picha yake. Ujumbe ule uliachwa wiki baada ya wiki chini ya picha ya harusi, na sote tulioupita tuliuona. Hakujibiwa na mtu. Nami sikujibu. Nilijiambia kuwa yuko atakayejibu aliye karibu zaidi na habari, ilhali hakuna aliye hai aliye karibu nazo kuliko mimi. Mwaka huu, baada ya waraka wa mpwa wangu, nilimwandikia kwa faragha na kumtaka radhi. Tumezungumza kwa simu mara nne. Ameniambia jina la bibi yake, jina alilopewa na baba yake siku ya saba, ambalo katika nyumba yetu halikutamkwa hata mara moja. Sitaliandika hapa mpaka aniruhusu. Nitasema tu kuwa Feruzi, alipopata mtoto, hakumwita kwa jina la jiwe.

Kwa hivyo masharti yangu ni haya, nayo si mengi. Jiwe halitolewi, halisuguliwi, halitiwi dawa. Likipigwa picha, lipigwe na ukijani wake, na chini yake yaandikwe mambo ya samli kama nilivyoyasimulia. Shirazi iondoke. Mzaha wa Babu Mkuu ubaki; wengine wameniambia uondolewe kimyakimya, nami nakataa, kwa kuwa ni maneno yake na kitabu ni cha kwake pia. Ubaki, na ukurasa unaouelekea uwe wa Feruzi, wenye jina lake, la binti yake, na yale watakayokubali wajukuu wake yaandikwe. Na mahali pa lile neno "suria" katika shajara tutafute jina. Shangazi yangu aliyeko Nizwa, mwenye miaka tisini na ushei, ananiambia alilisikia kwa mama yake. Nitamwendea wiki ijayo na daftari.

Mpwa wangu, najua kurasa zimekwisha kupangwa na mchapaji anasubiri. Mwambie asubiri. Kijana yule ameniomba aione pete, aishike, kwa kuwa bibi yake alimsimulia habari za mkebe na yeye alidhani ni hadithi za wazee. Nimekata tiketi ya Unguja ya mwezi wa Shaabani. Pete sitaitia mzigoni. Nitaivaa kidoleni, na kwa ajili ya jiwe nitaacha kujipaka uturi tangu siku ya safari.